Kiduha: Mmea wa Msimu Mmoja na Makazi Yake Asilia

Miongoni mwa istilahi za elimu ya mimea zinazowatatiza wafasiri ni ile ya mmea ambao huota, huchanua, huzaa mbegu na kufa katika msimu mmoja. Wako wauitao "mmea wa kila mwaka". Tafsiri hiyo haifai, kwani msomaji ataelewa kinyume, kwamba shina ni lile lile nalo huchanua mwaka hadi mwaka. Huo ni mmea wa kudumu.

Tuchukue mfano wa kiduha, ambacho Wajaluo hukiita kayongo. Wataalamu huitambua aina ya Striga hermonthica, yenye maua ya waridi yaelekeayo zambarau, na ile ya Striga asiatica, ambayo kwetu aghalabu huwa na maua mekundu. Ni ua zuri, ingawa si busara kumwambia hivyo mkulima. Kiduha hunyonya mizizi ya mimea ya jamii ya nyasi. Mbegu yake, ndogo kama vumbi, yaweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10, hadi ifikiwe na kemikali itokayo katika mzizi wa nafaka au nyasi iliyo karibu. Ndipo huota na kujishikiza. Mmea mmoja huzaa mbegu makumi elfu. Basi uhai wake wa mwaka ujao umo katika mbegu, wala si katika mzizi. Bwana shamba aliyesoma "wa kila mwaka" atawaagiza watu wachimbue mizizi hata baada ya mbegu kudondoka; aliyesoma "wa msimu mmoja" atawahimiza wang'oe kabla maua hayajafunga mbegu. Twapendekeza istilahi hii ya pili. Neno "mwaka" tumeliacha kwa kuwa sehemu nyingi za nchi zetu zina vuli na masika.

Kadhalika, fasili isemayo kiduha ni "gugu la mashamba ya mahindi" ina kasoro. Mahindi yalitoka bara la Amerika baada ya mwaka 1492, na kiduha kilikuwapo mbugani kabla yake, kikinyonya nyasi za mwituni na, mashambani, mtama. Mbuga ndiyo makazi yake asilia. Tena "gugu" si aina ya mmea, bali ni hukumu ya mwenye shamba. Fasili yetu ni hii:

kiduha (vi-): mmea wa msimu mmoja wa mbuga za nyasi, unyonyao mizizi ya nyasi na nafaka, ambao mashambani huhesabiwa kuwa gugu.