Kikulacho ki Nguoni Mwako: Kinga ya Mwili na Uvimbe wa Chunusi

Neno chunusi lina maana mbili zisizohusiana: zimwi la majini linalosadikiwa kuwazamisha waogeleaji, na vipele vinavyomtoka kijana usoni anapobaleghe. Mintarafu ya maana hii ya pili, wengi huamini kwamba vipele hivyo huletwa na uchafu. Kwa hivyo, vijana huusugua uso kwa sabuni kali na kuviminya vipele kwa kucha. Ukweli ni kwamba uvimbe na maumivu ya chunusi husababishwa hasa na kinga ya mwili wenyewe.

Kijana anapobaleghe, homoni za androjeni huchochea tezi za mafuta zilizo kwenye mashina ya vinyweleo. Mafuta huongezeka, seli zilizokufa hugandamana nayo, na kitundu cha kinyweleo huziba. Ndani yake hustawi bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye hadi mwaka 2016 alijulikana kama Propionibacterium acnes. Bakteria huyu si mvamizi. Huishi hata kwenye ngozi isiyo na chunusi.

Hata hivyo, anapoongezeka katika kitundu kilichoziba, seli za kinga humtambua kupitia vipokezi vyake, kikiwemo kile kiitwacho TLR2. Seli hizo hutoa saitokini, yaani kemikali za kupashana habari, kama vile intalukini-1 na intalukini-8. Mishipa midogo ya damu hutanuka na ngozi hupata joto na wekundu, ingawa wekundu huo hufichika kwenye ngozi nyeusi. Kisha seli nyeupe za damu humiminika mahali hapo na kumwaga vimeng'enya vinavyouharibu ukuta wa kitundu. Ukuta ukipasuka, yaliyomo huingia ndani ya ngozi na uvimbe huzidi. Usaha unaoonekana ni mabaki ya mapambano hayo.

Isitoshe, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba, kwa watu wenye chunusi, seli za kinga hukusanyika kandokando ya vitundu hata kabla havijaonyesha dalili za kuziba. Basi uvimbe si hatua ya mwisho tu ya maradhi haya. Huenda ukawa mwanzo wake.

Maarifa haya yana manufaa makubwa. Anayeminya chunusi huupasua ukuta ule ule, akajiletea makovu. Uvimbe pia huchochea utengenezaji wa melanini na kuacha madoa meusi yanayoweza kudumu kwa miezi. Wengine hukimbilia krimu za kujichubua ili kuyafuta madoa hayo, ilhali baadhi ya krimu hizo huwa na steroidi, ambazo zenyewe huweza kuleta chunusi. Tiba zinazofaa, kama vile retinoidi na benzoili peroksaidi, huhitaji subira ya wiki kadhaa na ushauri wa daktari.

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Katika chunusi, kimo ngozini. Na dawa yake ni kukituliza, si kukichokoza.