Mtu wa Pwani na Kilimanjaro: Uzunguke Kwanza, Kilele Baadaye!

HIVI nani kasema mtu wa pwani haviwezani na mlima? Pita barazani Mikindani, pita vijiweni Chikongola au sokoni Magomeni, wimbo ni ule ule: Kilimanjaro ni ya Wachaga na Wazungu. Sisi wa Mtwara tumezaliwa na maji ya chumvi miguuni, tukipandishwa huko juu tutarudishwa kwa machela. Yaani mtu hajafika hata Moshi kwa basi, kesi ameshaihukumu!

Sasa sikiliza hii. Mwaka 1889 Mjerumani Hans Meyer na mwenzake Ludwig Purtscheller kutoka Austria walifika kilele cha Kibo, wa kwanza kuandikwa katika historia. Kijana wa Kichaga, Yohani Kinyala Lauwo, anakumbukwa mpaka leo kama kiongozi wa msafara ule. Lakini kuna jina la mtu mwingine ambalo watu hawalitaji: Mwini Amani, mtu wa Pangani. Pangani hiyo hiyo ya minazi na majahazi! Kileleni hakupanda, lakini wabebaji wengine walipoteremka, yeye alibaki na Wazungu wale katika kambi ya juu, kwenye kimo cha zaidi ya mita 4,000, kwa zaidi ya wiki mbili. Akawapikia, akawatekea maji, akawatafutia kuni.

Mtu wa pwani, ndugu msomaji. Hakuwa na koti la manyoya ya bata wala vidonge. Alichokuwa nacho ni siku za kutosha, na siku hizo ndizo habari yetu ya leo.

SIRI NI SIKU

Meyer mwenyewe alijifunza kwa taabu. Mwaka 1887 barafu ilimrudisha. Mwaka 1888 hata mlimani hakufika, kwani vita vya Abushiri vilimnasa huku pwani, akatiwa mbaroni hadi alipojikomboa kwa fedha. Mara ya tatu akaja na akili mpya. Alipanga vituo vya chakula ngazi kwa ngazi, ili akishindwa leo asilazimike kuteremka hadi chini kutafuta mchele. Tarehe 3 Oktoba alifika ukingoni mwa shimo la Kibo, akaishiwa nguvu, akarudi kambini. Akapumzika. Tarehe 6 akapanda tena, na safari hii akafika.

Hiyo ndiyo hesabu ya mlima mpaka leo. Ukikimbilia kilele, kilele kinakukimbia. Ukiuzunguka taratibu, mwili unauzoea, na siku ya mwisho unapanda ukiwa umeshakuwa mwenyeji.

Wenzetu wa Himalaya wanalijua hilo. Kule Nepal watu hutembea karibu wiki mbili kuuzunguka mlima Manaslu, wenye mita 8,163. Wengi wao hata kilele hawakitaki. Wanafuata mabonde, wanalala vijijini, wanapumzika siku nzima huko juu, ndipo wanavuka pito la Larkya lenye zaidi ya mita 5,100. Kule Tibet, mlima Kailash haupandwi kabisa kwa heshima ya dini. Wabudha na Wahindu huuzunguka kwa miguu, kilometa zipatazo 52.

Na sisi Tanzania tunao mzunguko wetu! Unaitwa Njia ya Kaskazini, na kati ya njia za Kilimanjaro ndiyo ndefu kuliko zote: karibu kilometa 90, siku nane au tisa.

NJIA YENYEWE

Unaandikishwa lango la Londorosi, upande wa magharibi, kisha unaingia msitu wa Lemosho wenye mbega wanaoruka juu ya kichwa chako. Usiku wa kwanza unalala Mti Mkubwa, kimo cha kama mita 2,650. Usiku wa pili na wa tatu uko uwanda wa Shira, kama mita 3,500 halafu 3,850. Siku ya nne wengi hupitishwa Lava Tower, zaidi ya mita 4,600, wanale hapo hewa nyembamba kwa muda, kisha wanateremka kulala Moir kwenye mita 4,200 hivi. Panda juu, lala chini: ndiyo kanuni ya watu wa milima dunia nzima.

Kuanzia Moir unawaacha wenzako. Wao wanageukia kusini kwenye msongamano, wewe unageukia kaskazini kwenye ukimya. Unakata mgongo wa mlima: kushoto bonde, chini kabisa tambarare za Amboseli, Kenya. Kulia kwako, juu, ni mabaki ya barafu ya kaskazini. Mabaki kweli, kwa sababu kati ya mwaka 1912 na 2007 zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu ya Kilimanjaro ilitoweka. Huko Himalaya ungekuta kijiji na kikombe cha chai. Huku hakuna kijiji, hakuna genge wala mama lishe. Ni mawe, upepo, mahema na vijito vichache.

Unalala Pofu, kama mita 4,020. Kesho yake Pango la Tatu, kama mita 3,870. Umeona hesabu hiyo? Unatembea siku kucha, lakini kimo hakipandi. Mwenye haraka atasema anapotezewa muda. Kumbe huo muda ndio alioununua! Baada ya hapo ni kambi ya School Hut, kama mita 4,750. Usiku wa manane mnaondoka na tochi za kichwani kuelekea Gilman's Point, mkizunguka ukingo hadi Uhuru, mita 5,895. Kurudi ni upande wa kusini, lango la Mweka.

Sasa linganisha na safari ya siku tano ya njia ya Marangu. Usiku wa kwanza Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, 3,720. Wa tatu Kibo, 4,720, na usiku huo huo mnaanza kupanda kilele. Mita 1,000 kila siku, kama lifti! Madaktari wanasema ukishapita mita 3,000, usiku hata usiku usipandishe kitanda chako kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne uongeze siku ya mapumziko. Hata Njia ya Kaskazini inavunja kanuni hiyo mwanzoni na siku ya mwisho, lakini katikati inakulipa zile siku za kuzoea. Ile ya siku tano hailipi kitu.

GODORO LA SUFI

Kwani huko juu kuna nini? Watu husema hakuna oksijeni. Si kweli. Oksijeni ni sehemu ile ile ya hewa, asilimia 21, Shangani ufukweni na Uhuru kileleni. Kinachopungua ni mgandamizo.

Chukua magodoro ya sufi, yapange kumi. La chini limebanwa likawa gumu, la juu limefura. Hewa ni hivyo hivyo. Sisi wa Mtwara tunaishi kwenye godoro la chini, hewa imeshindiliwa. Hata ndugu zetu wa Newala, pamoja na baridi yao ya kujivunia, hawajafika mita 1,000. Pale Uhuru kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya ile uliyoizoea.

Mwili si mjinga. Unaongeza pumzi, moyo unakwenda mbio, figo zinatoa mkojo mwingi, na polepole damu inatengeneza chembe nyekundu zaidi. Lakini kazi hiyo inataka siku. Mvuvi wa Msimbati hahitaji kufundishwa hili. Bahari ikikupwa na chombo kikakaa mchangani, unaweza kuwa na misuli ya simba, utasubiri maji yajae. Mlima nao una kujaa kwake.

USISEME NI MALARIA!

Hapa tuzungumze kwa uwazi, maana ndipo watu wanapopotea. Sisi wa kusini kichwa kikiuma na tumbo likichafuka, jibu tunalo mfukoni: malaria hiyo. Tunameza dawa, tunajifunika shuka, tunasubiri asubuhi. Mlimani tabia hiyo inaua.

Ukiwa juu, kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu na usingizi wa mang'amung'amu, vyote hesabu ni ugonjwa wa mlima mpaka ithibitike vinginevyo. Mwambie kiongozi wako ukweli. Usipande zaidi mpaka dalili ziishe, na zikizidi, teremka.

Kuna hatari mbili kubwa. Ya kwanza ni maji kujaa mapafuni: mtu anahema akiwa amekaa kitako, anakohoa, midomo inageuka rangi, pengine makohozi yana povu au damu. Ya pili ni ubongo kuvimba: mtu anaongea ovyo, anayumba kama katoka kilabuni. Mwambie atembee kwenye mstari, kisigino mbele ya kidole. Akishindwa, mchezo umekwisha. Dawa kubwa ni kushuka, saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, hata kama kilele kiko pua na mdomo. Oksijeni na dawa zinasaidia, lakini hazichukui nafasi ya kushuka.

Na usijidanganye na ujana. Ugonjwa huu hauogopi kifua kipana. Tena vijana wenye nguvu ndio huumia, kwa sababu wanaweza kukimbia mbele ya miili yao.

Jambo jingine la kwetu: mwenye selimundu asithubutu. Hewa nyembamba inaweza kumletea balaa kubwa. Hata aliyerithi upande mmoja, ambaye nyumbani haumwi chochote, amwone daktari kwanza. Vivyo hivyo mwenye moyo, pumu, presha, au mja mzito. Kuna vidonge vya asetazolamaidi vinavyousaidia mwili kuzoea, lakini ni vya kuandikiwa na daktari. Si vya kuazimana kama pipi.

WAGUMU

Ukiwa na begi lako dogo mgongoni unahema kama bata, atakupita kijana mwenye mzigo kichwani na mwingine mgongoni, anasalimia na kutabasamu. Hao ni wapagazi. Wenyewe mlimani wanaitwana "wagumu", na jina limewakaa.

Sisi wa Mikindani habari ya wapagazi si ngeni. Bandari yetu ilipokea misafara kutoka bara, na mwaka 1866 Livingstone alitua hapa akaanza kuufuata mto Ruvuma kwenda ndani. Vitabu vikakumbuka jina la bwana, waliobeba mizigo wakaishia njiani. Tusirudie.

Mzigo wa mgumu una kikomo, kilo 20, na unapimwa langoni. Upande wa kaskazini ni mkavu, maji huweza kuchotwa mbali na kambi, na anayeyabeba ni yeye. Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza: hawa vijana wanalipwa nini, wanakula mara ngapi, wanalala wapi? Bei ikiwa ya kutupwa, ujue kuna mtu ameipunguza kwa tumbo la mwenzake. Na mgumu naye huugua mlima. Akisema kichwa kinamuuma, si mvivu.

MTWARA HADI MOSHI

Miguu tunayo. Neno "machinga" lenyewe wengi husema limetoka kusini huku, na machinga ni mtu wa kutembea kutwa na bidhaa mkononi! Jinoe kwenye mchanga wa Msimbati hadi Ruvula, saa tatu nne, na begi mgongoni, mara kadhaa kwa wiki. Mchanga utakupa miguu na moyo. Hewa nyembamba haukupi, hiyo ni mpaka mlimani.

Barabara si ile ya zamani ya kusubiri kivuko cha Rufiji. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003, Mtwara hadi Dar ni basi la siku moja, na Dar hadi Moshi siku nyingine. Mwananchi hulipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi, tena kidogo sana ukilinganisha na mgeni wa dola. Sweta, je? Baridi yetu sisi ni ya kusi la mwezi wa saba, huko juu usiku ni chini ya sifuri vibaya sana. Mitumba ya Moshi ina makoti mazito, na buti na mifuko ya kulalia hukodishwa.

Wengi hupenda kupanda kwa ajili ya tarehe 9 Desemba, siku ya Uhuru. Ni jambo la fahari, ila mvua za vuli zinaweza kuwa bado. Mwenye pesa za korosho angoje Januari au Februari, mlima umekauka, mfuko bado una kitu. Masika, Machi hadi Mei, uache upumzike.

Na siku utakapokaa mbele ya wakala, usianze na "bei gani?" Anza na "siku ngapi?" Akikwambia tano, mwambie ahsante, toka nje, tafuta mwingine. Kama fedha za siku nane hazijatimia, ngojea msimu ujao wa korosho. Mlima hauhami, na nyumbani wanataka kukuona wewe, siyo picha yako ya kileleni.