Kujaza Petroli kwenye Pikipiki: Kanuni za Usalama na Huduma kwa Aliyeungua

Kata ya Ubena, katika Halmashauri ya Chalinze, Wilaya ya Bagamoyo, imepitiwa na barabara kuu iendayo Morogoro. Malori ya mafuta yatokayo bandari ya Dar es Salaam hupita hapo usiku na mchana. Anayetoka barabarani kuingia vijijini mara nyingi hutegemea bodaboda: mjamzito aendaye kliniki, mwanafunzi aliyechelewa, mgonjwa anayewahi zahanati. Dereva wa bodaboda, kwa kawaida, hajazi tangi kwa mara moja. Huongeza kidogo kidogo kadiri ya fedha aliyoipata, na pengine hufika penye mafuta mara kadhaa kwa siku, abiria akiwa bado amekaa nyuma yake. Kila anapofungua kifuniko cha tangi, hatari ya moto huwapo. Hatari hiyo hupungua sana kwa kufuata kanuni chache, na kanuni hushikwa vizuri zaidi na yule anayejua sababu zake.

Kinachowaka ni mvuke

Watu wengi hudhani kwamba petroli huwaka pale tu moto unapoigusa. Ukweli ni kwamba kinachoshika moto ni mvuke wake, na mvuke huo hauonekani kwa urahisi. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 za selisiasi chini ya sifuri. Katika joto la Pwani, hutoa mvuke saa zote. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi, bali hushuka, hutambaa ardhini na kutuama mitaroni na kwenye mabonde. Unaweza kufika kwenye jiko la mkaa au kipande cha sigara kilicho mita kadhaa kutoka petroli yenyewe ilipo, ukashika moto huko, na moto ukarudi mbio hadi kwenye chanzo.

Dizeli ni tofauti. Haitoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka ipate joto linalozidi nyuzi 50. Aliyezoea kushika dizeli bila madhara hujidanganya akiichukulia petroli vivyo hivyo.

Ukanda huu ulilishuhudia jambo hilo kwa uchungu. Asubuhi ya tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro, kwenye barabara hii hii ipitayo Ubena. Watu walikusanyika kuchota petroli iliyomwagika, wengi wao wakiwa madereva wa bodaboda. Mvuke uliokuwa umetanda ulishika moto, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha, baadhi yao papo hapo, wengine baada ya siku kadhaa hospitalini. Mtu aliyesimama ndani ya mvuke wa petroli hapati muda wa kukimbia.

Kwa nini pikipiki ina hatari ya pekee

Katika gari, mdomo wa tangi huwa ubavuni, mbali na injini na mbali na abiria. Katika pikipiki, tangi liko juu ya injini, na mdomo wake uko mbele ya tumbo la dereva. Mafuta yakifurika huteremkia kwenye plagi, kwenye injini yenye joto na kwenye bomba la moshi. Dereva akiwa amekaa, huteremkia pia kwenye mapaja na kinena chake. Vilevile tangi la pikipiki ni dogo na halina kina, ilhali pampu husukuma mafuta kwa kasi inayolifaa gari. Mhudumu akibonyeza kwa nguvu, mafuta huruka nje kabla hajaachia.

Kanuni za kituoni

1. Injini izimwe na ufunguo utolewe kabla kifuniko cha tangi hakijafunguliwa. Injini inayonguruma ina cheche na joto.

2. Dereva na abiria washuke wote. Abiria asimame kando, mbali na pampu, na mtoto ashikwe mkono. Washuke upande usio na bomba la moshi, kwa kuwa bomba hilo huunguza miguu ya abiria wengi hata pasipo moto wowote.

3. Pikipiki isimamishwe kwa stendi mahali palipo sawa. Iliyotoka safari ndefu ipumzishwe dakika chache ipoe.

4. Pasiwe na sigara wala kiberiti. Simu nayo iwekwe mfukoni. Ushahidi kwamba simu huwasha petroli ni hafifu, lakini anayezungumza na simu hayaangalii mafuta yanapofika.

5. Mdomo wa pampu uguse chuma cha tangi muda wote wa kujaza, na mafuta yatoke polepole. Nguo na mwendo wa mafuta huzalisha umeme tuli, na cheche yake ndogo inatosha kuwasha mvuke. Chuma kikigusana na chuma, umeme huo hauruki kwa cheche.

6. Tangi lisijazwe hadi ukingoni. Petroli hutanuka inapopata joto la jua, hivyo iachiwe nafasi.

7. Kifuniko kifungwe na kilichomwagika kifutwe kabla injini haijawashwa. Ikiwa mafuta yamemwagikia injini, pikipiki isukumwe mbali na pampu na isubiriwe ikauke. Aliyemwagikiwa mwilini avue nguo hizo mbali na moto, kisha anawe kwa maji mengi na sabuni.

8. Moto ukizuka, mhudumu aachie kishikio cha pampu bila kuuchomoa mdomo wake tangini, maana kuuchomoa hunyunyiza mafuta yanayowaka. Watu waondoke, swichi ya dharura izimwe, na kizimamoto cha unga au mchanga utumike. Maji hayafai, kwani petroli huelea juu yake na kusambaa ikiwaka. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Mhudumu wa pampu ana haki, tena ana wajibu, wa kukataa kumjazia asiyeshuka. Dakika moja ya foleni ni bei ndogo.

Petroli ya chupa na dumu

Vijijini, mbali na barabara kuu, petroli mara nyingi huuzwa kwa chupa. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, imekuwa ikihimiza ujenzi wa vituo vya mafuta vijijini ili biashara hiyo ikome. Wakati vituo hivyo vikisubiriwa, petroli isiwekwe katika nyumba wanamolala watu wala karibu na jiko, na isimiminwe usiku kwa mwanga wa kibatari au mshumaa. Dumu lijazwe likiwa chini ardhini, kamwe si likiwa juu ya pikipiki au mapajani mwa abiria.

Chupa ya maji au ya soda iliyotiwa petroli ni mtego kwa mtoto mwenye kiu. Dereva anayeivuta petroli kwa mdomo kupitia mpira naye yumo katika hatari hiyo hiyo. Petroli ikiingia mapafuni, hata kidogo, huleta kichomi kikali. Aliyeinywa asitapishwe, kwa kuwa kutapika huirudisha kooni na kuipa njia ya kuingia mapafuni. Asipewe maziwa wala mafuta ya kula. Apelekwe kituo cha afya mara moja, hata kama anakohoa kidogo tu.

Dakika za kwanza baada ya kuungua

Mwenye nguo zinazowaka asikimbie, kwa sababu upepo huuchochea moto. Alale chini, afunike uso kwa mikono na agaegae, au afunikwe kwa blanketi zito. Moto ukishazimika, avuliwe nguo zilizolowa petroli, pete, saa na mkanda. Nguo iliyogandamana na ngozi iachwe, ikatwe pembeni yake tu.

Kisha jeraha lipozwe kwa maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Maji hayo yana faida hata yakianza kutumika ndani ya saa tatu baada ya kuungua. Barafu isitumike. Dawa ya meno, yai, majivu, unga na mafuta havifai: havipozi, huingiza vijidudu, na humficha mganga asione kina cha jeraha. Baada ya kupozwa, jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi na mgonjwa afunikwe asipate baridi, hasa akiwa mtoto.

Kwa watoa huduma za afya

Njia ya hewa iangaliwe kwanza. Sauti ya kukwaruza, masizi puani au uso uliovimba ni dalili kwamba njia hiyo inaweza kuziba baada ya muda mfupi. Eneo lililoungua likadiriwe: kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole vyake ni takriban asilimia 1 ya mwili. Mtu mzima aliyeungua zaidi ya asilimia 15 na mtoto aliyeungua zaidi ya asilimia 10 wanahitaji maji ya mshipani. Kwa mtu mzima, hesabu ni mililita 2 hadi 4 za Ringa lakteti kwa kila kilo ya uzito kwa kila asilimia iliyoungua. Nusu yake itolewe ndani ya saa 8 za kwanza, na saa hizo zihesabiwe tangu alipoungua, si tangu alipofika kituoni. Kiasi cha mkojo ndicho kipimo cha kuongeza au kupunguza maji hayo. Apewe dawa ya maumivu na kinga ya pepopunda.

Majeraha ya uso, mikono, kinena na maungio yapewe rufaa hata yakiwa madogo. Moto wa tangi la pikipiki huelekea zaidi kuunguza mapaja, kinena na mikono, hivyo dereva anaweza kuonekana ameungua kidogo ilhali anahitaji hospitali. Kutoka Ubena, hospitali za rufaa za mkoa zipo Morogoro upande mmoja na Tumbi, Kibaha, upande mwingine. Mgonjwa apozwe, apewe maji na afunikwe kabla ya safari.

Mwisho, kila aliyeungua aulizwe alikuwa akifanya nini, na jibu liandikwe kwenye jalada. Mtoa huduma atakayeona majibu yanayofanana anaweza kwenda kwenye kijiwe cha bodaboda au kwa wahudumu wa pampu, akaanza na neno moja: shukeni kwanza.