Msitu Uliosimama Juu ya Chokaa

Mgeni akiingia kwenye misitu ya Milima ya Matumbi, huko Kipatimu wilayani Kilwa, hutazama juu akitafuta kima na ndege. Mimi humwomba atazame chini kwanza.

Chini ya majani makavu kuna mwamba wa chokaa, uliojengeka baharini mamilioni ya miaka iliyopita. Maji ya mvua hubeba kaboni dioksaidi, na yakipita kwenye majani yanayooza huongeza nyingine, yakawa asidi dhaifu inayolila jiwe taratibu. Ufa huwa tundu, tundu likawa pango. Ndiyo maana hata masika yakiwa mazuri, maji hayakai juu, yanazama. Mti unabaki na kiu ilhali mvua imenyesha, na miti mingi hupukutisha majani kiangazi.

Simama penye mkuyu ulioukumbatia mwamba. Mizizi imeshuka ufani ikawa bapa, kwa kuwa nafasi ni hiyo tu. Pembeni, kwenye kishimo kisichozidi kiganja, utaona udongo mweusi, mche mmoja na magamba ya konokono. Konokono wanastawi hapa: chokaa ndiyo wanayojengea nyumba zao.

Pango la Nang'oma, kijijini Nandembo, lilichimbwa na maji hayohayo. Vita vya Majimaji vilipoanza Julai 1905, kwa kung'olewa pamba Nandete, watu wa Matumbi walijificha humo wakiwakimbia Wajerumani. Mwamba uliwahifadhi, nao unastahili heshima.

Misitu ya Kilwa ina miti adimu mno. Karomia gigas ulijulikana kwanza Kenya, ukatoweka huko, ukadhaniwa umekwisha duniani, hadi wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokuta michache Kilwa mwaka 2011. Kufyeka kilima kimoja kunaweza kumaliza aina nzima ya mti. Na juu ya chokaa hasara ni kubwa zaidi: udongo ni mwembamba, na msitu ukifyekwa ili kupanda ufuta, mvua huusomba udongo huo na kuutumbukiza nyufani.

Nenda kati ya Juni na Oktoba, njia zikiwa kavu. Anzia ofisi ya kijiji upate mwenyeji. Vaa viatu vya soli ngumu, kwani mwamba una makali, beba maji yako, na tochi mbili za pangoni. Mawe yanayoning'inia usiyashike. Yamekua tone kwa tone, na mafuta ya mkono huweza kuyazuia kukua.