Je, Wajua? Kikopo cha Baba Kitangulie

Kwa Mrombo, Arusha, moshi wa nyama choma hautulii, na maneno ya watu hali kadhalika: "Mwaka wa tatu huu, bado tu?" Anayeulizwa ni mke. Lakini je, wajua kwamba katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, mume naye ana mchango?

Tena kipimo chake ndicho chepesi: siku mbili hadi saba bila tendo la ndoa, kikopo kisafi chenye kifuniko, na sampuli ya manii ifike maabara ndani ya saa moja. Mbegu huchukua takriban miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo aliyeacha sigara Ijumaa asidai majibu mapya Jumatatu.

Kwa wanawake wa Afrika, chanzo kikubwa cha kuchelewa ni mirija ya uzazi kuziba baada ya klamidia, kisonono au maambukizi ya uzazi. Mirija yenye makovu huweza pia kunasa mimba nje ya kizazi, na hiyo ni dharura inayoua.

Hesabu yenyewe haitishi. Wenzi zaidi ya 8 kati ya 10 hupata mimba ndani ya mwaka; waliobaki, karibu nusu hufanikiwa mwaka wa pili. Mke akipita miaka 35, asisubiri zaidi ya miezi 6 kumwona daktari.

Na kwa msaada wa maabara, hata umri umewahi kurukwa: Kampala, Novemba 2023, bibi wa miaka 70 alijifungua mapacha waliotungwa maabara kwa yai la kuchangiwa: wa kike na wa kiume.