Ufunguo, kufuli au muhuri? Juu ya kuifikia kompyuta ya mbali kwa usalama

Miaka michache iliyopita tulimwomba mwanafunzi mmoja atuletee « ufunguo wake wa wazi », ili tumfungulie njia ya kuingia katika kompyuta ambamo zimehifadhiwa rekodi za masimulizi yaliyokusanywa vijijini. Siku ya pili tulipokea kwa barua-pepe faili mbili: ufunguo wa wazi pamoja na ule wa siri. Tulipomwambia kwamba amekosea, alijibu kwa adabu: « Mwalimu, mliomba ufunguo. Nami nimekuta funguo mbili, nikaona heri nilete zote. » Ilibidi azifute zote mbili na kutengeneza nyingine. Lakini tulipoyatafakari maneno yake, tuliona kwamba kosa halikuwa lake peke yake. Istilahi tuliyompa ndiyo iliyompoteza.

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi mtu anavyoweza kuifikia kompyuta iliyo mbali, kwa mstari wa amri na kwa usalama, na papo hapo kuyachunguza maneno ambayo Kiswahili hutumia, au kingeweza kutumia, kwa jambo hilo. Mstari wa amri ni dirisha lisilo na picha: mtumiaji huandika amri kwa herufi, na kompyuta humjibu kwa herufi. Wengine huuona kuwa ni mtindo wa kale. Hata hivyo, kwa mtu anayenunua megabaiti kwa hesabu, ndio mtindo wenye nafuu, kwa kuwa mistari michache ya maandishi hupita hata katika mtandao dhaifu usioweza kubeba picha ya skrini nzima. Ama kuhusu usalama, yafaa kukumbuka yaliyomo katika rekodi zetu. Wamo wazee waliotaja watu kwa majina katika magomvi ya mashamba na ya urithi. Walizungumza kwa sababu walimwamini aliyeketi mbele yao na kinasa sauti, si kwa sababu waliiamini kompyuta.

Njia iliyotumika zamani kwa kazi hii iliitwa telnet, ambayo kanuni zake zilitangazwa mwaka 1983. Kasoro yake ilikuwa moja, nayo kubwa: kila herufi, pamoja na zile za neno la siri, ilisafiri wazi kama maandishi ya kadi ya posta. Aliyekuwa katikati ya njia aliweza kuzisoma. Mwaka 1995 maneno ya siri ya watumiaji yalinaswa hivyo katika mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, nchini Ufini. Mtafiti wa chuo hicho, Tatu Ylönen, aliandika programu aliyoiita SSH, akaitoa bure mwezi wa Julai mwaka huohuo; kabla ya mwaka kwisha ilikuwa na watumiaji wapatao 20,000 katika nchi 50 hivi. Aliiombea lango namba 22, lililokuwa halina mwenyewe kati ya lango 21 la kuhamisha faili na lango 23 la telnet. (Tunasema « lango ». Mwenye kulitafsiri neno hilo kwa « bandari » anatupeleka Matadi bila sababu.) Mwaka 1999 wanaprogramu wa mradi wa OpenBSD walitoa OpenSSH, iliyo huru kwa wote, na hiyo ndiyo tunayoikuta leo katika Linux, katika Mac, na hata katika Windows. Itifaki yenyewe, katika toleo lake la pili ambalo ndilo linalotumika sasa, iliandikwa kuwa kanuni rasmi mwaka 2006.

SSH hufanya kazi tatu, ingawa watumiaji wengi hudhani ni moja. Kwanza, huziwezesha kompyuta mbili ambazo hazijawahi kukutana zipatane siri hadharani. Jambo hili laonekana kama muujiza, lakini msingi wake ni hesabu iliyotangazwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976. Kila upande huchagua namba yake ya siri, huipitisha katika hesabu iliyo rahisi kuifanya na ngumu mno kuirudisha nyuma, kisha hutuma matokeo tu. Kila upande huyachanganya matokeo ya mwenzake na siri yake mwenyewe, na wote wawili hufikia namba moja. Msikilizaji wa njiani ameyaona matokeo yote mawili. Namba hiyo haipati. Kuanzia hapo mazungumzo yote husimbwa, yaani hugeuzwa fumbo.

Lakini kuna faida gani kuzungumza kwa siri na mwizi? Ndiyo maana kazi ya pili ni kuitambua kompyuta inayopigiwa hodi. Mara ya kwanza unapojiunga nayo, programu hukuonyesha alama ya kidole ya kompyuta hiyo, ambayo huanza kwa SHA256 na kufuatwa na herufi na tarakimu 43, kisha hukuuliza kama unakubali kuendelea. Karibu kila mtu huandika yes bila kutazama. Mwandishi wa makala hii amefanya hivyo kwa miaka mingi. Kumbe swali hilo ndilo kiungo dhaifu cha mnyororo wote: ikiwa mtu amejiweka katikati ya njia siku hiyo, utafanya naye mapatano ya siri kwa hesabu kamili isiyo na kosa, nawe utampa neno lako la siri kwa mkono wako mwenyewe. Dawa yake haina gharama. Mwenye kuisimamia kompyuta ya mbali aketi mbele yake na kuandika:

ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub

Aitoe alama hiyo kwenye karatasi, ampe kila mtafiti ana kwa ana, naye mtafiti ailinganishe na ile anayoiona. Akiisha kukubali, programu huiandika katika faili iitwayo known_hosts na haitauliza tena. Siku alama ikibadilika, programu itakataa kuendelea na kutoa onyo kali. Huenda kompyuta imewekewa mfumo mpya tu. Huenda pia pana hila. Mwezi wa Machi mwaka 2023 GitHub, ambako wanaprogramu wa dunia nzima huhifadhi kazi zao, ililazimika kubadili mojawapo ya funguo zake kwa kuwa sehemu ya siri ilikuwa imeonekana hadharani kwa muda mfupi. Watumiaji wengi waliona onyo hilo. Wapo waliokwenda kwanza kuisoma alama mpya iliyotangazwa na kampuni, na wapo, bila shaka, waliofuta tu mstari wa zamani ili waendelee na kazi.

Kazi ya tatu ni kumtambua mtumiaji, na hapa ndipo tunaporudi kwa mwanafunzi wetu. Mtumiaji aweza kujitambulisha kwa neno la siri (wengi wetu mjini Lubumbashi tungesema mot de passe, na hatuna sababu ya kuona haya). Ila neno la siri hukisiwa. Kompyuta yoyote iliyofunguliwa lango namba 22 kwa intaneti nzima itaona katika daftari lake la matukio watu wasiojulikana wakijaribu maneno mamia kwa maelfu usiku kucha. Njia bora ni jozi ya faili mbili zilizozaliwa pamoja kwa hesabu, ambazo Kiingereza na Kifaransa huziita zote mbili kwa jina la ufunguo, mmoja wa watu wote, mwingine wa mwenyewe. Kiswahili kimefuata: « ufunguo wa wazi » na « ufunguo wa siri ».

Sasa, katika Kiswahili ufunguo ni kitu kinachofungua. Anayeshika ufunguo wowote ameshika uwezo wa kuingia. Faili ya wazi haifungui kitu. Yaweza kubandikwa ukutani sokoni pasipo madhara. Kuiita ufunguo ni kumfundisha mwanafunzi kwamba vitu viwili visivyofanana ni vya jamii moja. Wenzetu kadhaa wamependekeza « kufuli »: faili ya wazi iwe kufuli, ambalo humpa yeyote akufungie nalo kitu, na faili ya siri iwe ufunguo pekee. Pendekezo hilo ni zuri, na kwa itifaki ya mwaka 1995 lilikuwa sahihi kabisa. Katika toleo la kwanza la SSH kompyuta ya mbali ilichukua namba ya bahati nasibu, ikaifunga kwa faili ya wazi ya mtumiaji, na kumtaka aonyeshe kwamba ameweza kuifungua.

Toleo la pili halifanyi hivyo. Leo mtumiaji hutia sahihi: kompyuta yake huchukua utambulisho wa mazungumzo yanayoendelea, ambao haurudiwi kamwe, na kuupiga alama kwa faili ya siri. Kompyuta ya mbali huilinganisha alama hiyo na faili ya wazi iliyowekewa tangu awali. Hakuna kinachofungwa wala kufunguliwa. Kwa maoni yetu, basi, picha inayofaa ni muhuri. Nani kati yetu asiyejua muhuri? Hakuna hati ipitayo ofisi yoyote ya nchi hii bila muhuri. Muhuri wenyewe hukaa ndani ya mtoto wa meza, na mtoto wa meza hufungwa. Kielelezo cha muhuri huonwa na kila mtu, na ndicho kinachotumika kuhakiki. Hakuna karani ambaye, akiombwa kielelezo, angepeleka muhuri. Tofauti moja tu yapasa kutajwa: fundi stadi huweza kuchonga muhuri bandia kwa kutazama kielelezo, na hapa hesabu imeifunga njia hiyo, mradi jozi imezaliwa kwa bahati nasibu ya kweli. Kati ya mwaka 2006 na 2008 kasoro katika mfumo wa Debian ilifanya kila aina na urefu wa funguo uwe na jozi 32,767 tu zinazowezekana, idadi ambayo kompyuta ndogo huimaliza upesi.

Tutumie basi maneno hayo, muhuri na kielelezo, katika kueleza utendaji. Kwenye kompyuta yake mwenyewe mtafiti huandika:

ssh-keygen -t ed25519

Programu itamwuliza kirai cha siri cha kuufungia muhuri. Asikiache kitupu, kwa kuwa kompyuta za mkononi huibiwa. Zitazaliwa faili mbili, id_ed25519 na id_ed25519.pub. Ile yenye mkia .pub ndiyo kielelezo, nayo peke yake ndiyo ya kutolewa. Kuipeleka kwenye kompyuta ya mbali, ambayo hapa tumeipa anwani ya mfano:

ssh-copy-id mtafiti@192.0.2.10

Amri hiyo huuongeza mstari mmoja katika faili ya authorized_keys ya mtafiti. Katika Windows kwa kawaida haimo, na mstari hunakiliwa kwa mkono. Kisha huingia:

ssh mtafiti@192.0.2.10

Kompyuta ya mbali haina budi kuwa na programu ya kupokea wageni. Katika Debian na Ubuntu huwekwa kwa sudo apt install openssh-server. Ikiwa imejificha nyuma ya anwani ya ndani ya chuo, msimamizi wa mtandao ndiye atakayeonyesha njia.

Muhuri ukiisha kukubaliwa, neno la siri lizuiwe. Katika faili /etc/ssh/sshd_config huandikwa:

PasswordAuthentication no
KbdInteractiveAuthentication no
PermitRootLogin no

Mstari wa mwisho humzuia mtumiaji mkuu asiingie moja kwa moja. Hapa tunaomba msomaji asiwe na haraka. Kwanza akague maandishi yake kwa sudo sshd -t, kisha aipashe programu habari kwa sudo systemctl reload ssh, na dirisha alilomo asilifunge. Afungue la pili, ajaribu kuingia upya, na akifaulu ndipo aliage lile la kwanza. Mwandishi aliwahi kulifunga kabla ya kujaribu. Mabadiliko yalikuwa na kosa, kompyuta ilikuwa mji mwingine, na ikabidi kumsumbua mwenzetu mmoja abebe skrini na kibodi siku ya Jumapili.

Jingine linalotuhusu sana ni umeme. Mtandao ukikatika katikati ya kazi ndefu, kama vile kuhesabu maneno ya matini zote, kazi hiyo hufa pamoja na dirisha. Ukianza kwa kuandika tmux baada ya kuingia, kazi hubaki hai katika kompyuta ya mbali, mradi yenyewe haijazimika. Ukirudi unaandika tmux attach na kuikuta ilipofika.

Aidha, kila mtafiti awe na jina lake na muhuri wake. Jina moja la idara nzima na neno moja la siri lililoandikwa ubaoni ni desturi tuliyoikuta mahali pengi, na ubaya wake huonekana mtu anapoondoka: ama neno libadilishwe kwa wote, ama aliyeondoka aendelee kuingia. Kwa vielelezo, kila mstari wa authorized_keys una mwishoni maandishi mafupi ya kumtaja mwenyewe. Mwanafunzi akimaliza masomo, au akipiga simu kwamba kompyuta yake imeibiwa ndani ya basi, msimamizi huufuta mstari huo mmoja. Kisha huyakata pia mazungumzo yaliyokwisha kufunguliwa kwa muhuri huo, kwa maana kufuta mstari humzuia mgeni mlangoni tu; aliyekwisha kuingia hubaki ndani.