Magogo ya Saruji ya Nyeri

Baridi ya Nyeri asubuhi si mchezo kwa mtu wa Pwani. Nilikuwa nikitafuta pa kuotea jua nikaona gogo limelala bustanini, gome limepasuka, tawi moja limekatwa. Kulikalia tu, nikaruka! Lilikuwa baridi kama jiwe. Nikaligonga kwa ufunguo: saruji.

"Wageni wote huligonga, mzee," alicheka fundi aliyekuwa kando.

Kazi yake ni ya subira. Husuka kiunzi cha nondo, akakizungushia waya wa kuku, akakikandika saruji na mchanga. Tabaka la juu likiwa bado bichi, hushika msumari na brashi ya waya akachora nyufa za gome, vifundo vya matawi, na penye mkato, duara za umri wa mti, moja moja. Kisha hulifunika magunia na kulimwagia maji siku saba. Ukifanya haraka hupasuka, na ufa huo si ule uliouchora.

Ufundi huu si mgeni duniani. Mwaka 1867 Mfaransa Joseph Monier, mtunza bustani, aliandikishiwa haki ya uvumbuzi wake wa vyombo vya kuoteshea mimea, vya saruji yenye chuma ndani. Mwaka huohuo Paris ilifungua bustani ya Buttes-Chaumont, ambayo vizuizi vyake vya saruji vimefanyizwa mfano wa magogo.

Nami nilikuwa na haja yangu. Viti vya uani kwenye msikiti wetu vimeliwa na mchwa. Lakini nyuma ya fundi walisimama simba wawili na korongo, wote wa saruji, na nawajua wazee wetu: watasema nimeleta masanamu. Nikakumbuka mapokezi ya Ibn Abbas katika Sahihi Bukhari. Mtu aliyekula kwa kazi ya kutengeneza picha alimwendea. Akamhadharisha, kisha akamwelekeza kwenye miti na visivyo na roho.

Nikamweleza fundi. Akafikiri. "Na yule ndege mdogo juu ya tawi? Watu humpenda sana."

"Ndege mwondoe."

"Bila ndege bei ni ileile, mzee."

Tukapatana magogo mawili. Kuyabeba hakuwezekani, basi atakuja Mombasa mwenyewe na brashi yake. Saruji, alisema akinionyesha mfuko ulioandikwa Bamburi, inatoka kwetu.